Somo la Saba: Spika za Kujitengenezea na Chumba cha Kusikilizia

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza: (i) kupambanua namba za kweli na za mapambo zinazoandikwa kwenye maboksi ya vyombo vya muziki; (ii) kukagua spika dukani kabla ya kulipa; (iii) kutengeneza au kumsimamia fundi atengeneze jozi ya makasha ya spika; (iv) kuunganisha mtambo kwa betri ya sola bila kuhatarisha nyumba; (v) kupanga chumba ili sauti isikike kwa usafi; na (vi) kudai haki yake pale anapouziwa kisicho.

Mifano yote imechukuliwa kwa kufikiria mlaji wa Kata ya Olbalbal, Wilaya ya Ngorongoro, ambaye nyumba yake hutegemea nishati ya jua na ambaye soko lake la vifaa lipo mjini Karatu au Arusha. Msomaji wa mahali pengine atabadilisha hesabu kulingana na mazingira yake, kanuni hazibadiliki.

1. Kwa nini somo hili

Kusikiliza kwa pamoja si jambo geni nchini. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", takriban wananchi milioni mbili waliketi katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini, wakajadili waliyoyasikia, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Redio moja iliyosikika vizuri ilitosha kikundi kizima. Leo familia nyingi hutamani zaidi ya redio ya mkononi: hutaka taarifa ya habari isikike chumba kizima, nyimbo za kwaya zisikike kila sauti mahali pake, na nyimbo za Kimaa zitoke jinsi zilivyoimbwa, olaranyani akiongoza na wenzake wakimwitikia kwa sauti nzito za kooni.

Tamaa hiyo ni halali, lakini ndiyo inayomfikisha mlaji mbele ya rafu iliyojaa sabufa zenye taa za rangi na maandishi ya maelfu ya wati. Mfugaji aliyeuza mbuzi ili anunue mtambo hana mbuzi wa pili wa kusahihisha kosa. Mtambo usiolingana na betri yake humwachia hasara tatu: sauti mbaya, betri iliyokufa kabla ya wakati, na giza nyumbani usiku ambao taa ilihitajika.

Neno kuu la somo hili ni moja: sauti nzuri hainunuliwi kwa wati nyingi. Hutokana na kulinganisha vitu vinne, yaani spika, kasha, umeme na chumba. Viwili kati ya hivyo, kasha na chumba, mlaji anaweza kuvitengeneza mwenyewe kwa gharama ndogo.

2. Namba zilizo kwenye boksi

Wati ni kipimo cha kasi ya matumizi ya nishati. Amplifaya haiwezi kutoa wati nyingi kuliko inazopokea. Kwa hiyo swali la kwanza la mlaji lisiwe "inatoa wati ngapi?" bali "inaingiza wati ngapi?" Jibu huwa limebandikwa nyuma ya chombo au kwenye adapta yake, kwa maandishi madogo. Chombo kinachojitangaza kuwa na wati 5,000 upande wa mbele, na nyuma kikaandikwa kwamba kinatumia wati 45, kimejikanusha chenyewe. Wati 45 ndizo za kuamini, na zinazofika kwenye spika ni pungufu ya hizo.

Namba kubwa za upande wa mbele mara nyingi hufuatiwa na herufi PMPO. Herufi hizo hazina kipimo kinachokubalika kimataifa. Kila mtengenezaji hukokotoa apendavyo. Herufi za kutafuta ni RMS, zinazoonyesha wati ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo bila kuungua.

Kwa mlaji wa sola ipo hesabu rahisi inayoweza kufanywa hata juu ya kiganja. Amplifaya ya kawaida ya volti 12, isiyo na kifaa cha ndani cha kupandisha volti, ina kikomo kisichovukika: zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa mara mbili ya omu za spika. Kwa spika ya omu 4, ni 144 gawanya kwa 8, sawa na wati 18. Kwa spika ya omu 8, ni 144 gawanya kwa 16, sawa na wati 9. Ndiyo maana redio za magari zilizoandikwa "wati 50 mara 4" hutoa takriban wati 18 hadi 20 kwa kila spika zinapopimwa kwa haki. Muuzaji anayeahidi wati 1,000 kutoka kwenye chombo kidogo cha volti 12 anaahidi kisichowezekana.

Mlaji asivunjike moyo kwa udogo wa namba hizi. Ndani ya chumba, wati moja ya wastani kwa kila spika ni sauti kubwa. Zilizobaki ni akiba ya vishindo vya ngoma na vilele vya waimbaji. Mtambo wa wati 9 za kweli humtosha msikilizaji wa nyumbani.

3. Unyeti wa spika ni akiba ya betri

Kuna namba moja ambayo wauzaji wengi hawaitaji, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa nyumba ya sola. Ni unyeti wa spika: ukubwa wa sauti, kwa desibeli, unaosikika mita moja kutoka kwenye spika inapopewa wati moja. Spika nyingi za nyumbani huwa kati ya desibeli 84 na 92.

Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila ongezeko la desibeli 3 huhitaji wati maradufu. Tuseme spika A ina unyeti wa desibeli 86 na spika B desibeli 92. Tofauti ni 6, yaani maradufu ya maradufu. Sauti ambayo B huitoa kwa wati 2, A huhitaji wati 8 kuifikia. Kwa saa nne za kusikiliza kila jioni, B hutumia wati-saa 8 na A hutumia 32, kutoka betri ileile iwashayo taa na kuchaji simu.

Hivyo, mlaji anayeambiwa aongeze betri ya pili ili "mziki upande" ajiulize kwanza kama hakuhitaji tu spika yenye unyeti mkubwa zaidi. Hata spika bora hugeuza chini ya sehemu chache kati ya mia za umeme kuwa sauti. Nyingi za nyumbani hazifikishi hata moja kati ya mia. Zilizobaki huwa joto. Kuchagua spika nyeti ni kupunguza joto hilo lisilo na faida.

4. Kukagua spika dukani

Anayetaka kutengeneza makasha mwenyewe atanunua spika tupu, yaani koni, koili na sumaku bila kasha. Kwa mwanzo mwema, anashauriwa kuchagua spika ya masafa mapana, inayotoa sauti nzito na nyembamba kwa pamoja, yenye kipenyo cha inchi 5 hadi 6. Spika ya namna hii haihitaji kichujio cha kugawanya sauti kati ya wufa na twita, na hivyo hupunguza nafasi ya kukosea. Sauti ya mwanaume anayezungumza huanzia takriban mitetemo 85 kwa sekunde. Spika ya kipimo hiki ndani ya kasha zuri huibeba bila taabu. Kwa anayesikiliza zaidi habari, mahubiri na nyimbo za sauti za watu, sabufa si hitaji.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matano:

(a) Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili vya kila mkono, pande zinazokabiliana. Irudi bila mkwaruzo. Mkwaruzo ni dalili kwamba koili inasugua sumaku, usinunue.

(b) Pima omu kwa mita ya umeme. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma takriban 6 hadi 7. Ya omu 4 husoma takriban 3 hadi 3.5. Mita isiposoma kitu, koili imekatika.

(c) Gusisha betri moja ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha za spika kwa nukta moja tu. Koni ikiruka kuelekea mbele, ncha iliyoguswa na chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Iwekee alama.

(d) Kagua ukingo wa mpira au kitambaa unaozunguka koni. Uliopasuka au kunata hautadumu.

(e) Nunua mbili zinazofanana, za chapa moja na namba moja ya toleo, kwa risiti moja.

Angalizo kwa wakazi wa Olbalbal na Oldupai: vumbi la eneo hili si vumbi la kawaida. Mchanga mweusi unaohama karibu na Oldupai ni majivu ya volkano yenye chuma, na chembe zake huvutwa na sumaku. Zikiingia katika mwanya mwembamba ambamo koili hutembea, hazitoki kwa kupuliza. Hung'ang'ania humo na kukwaruza koili hadi ikatike. Spika tupu isiachwe wazi hata kwa usiku mmoja. Isafirishwe ndani ya mfuko uliofungwa, na kazi ya kuifunga kwenye kasha ifanyike mahali palipofagiwa na pasipo upepo. Aidha, mafundi wengine hujaza mchanga mkavu sehemu ya chini ya kasha ili lisitikisike. Mchanga mweusi usitumike kabisa kwa kazi hiyo, na wala usichotwe, kwa kuwa ni sehemu ya urithi uliohifadhiwa.

5. Kutengeneza kasha

Koni inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo huinyonya nyuma. Spika ikiachwa bila kasha, hewa ya nyuma huzunguka na kuifuta ya mbele, na sauti nzito hutoweka. Kazi ya kasha ni kuzitenganisha. Kwa hiyo sifa zake mbili ni kutovuja hewa na kutotetemeka. Urembo huja baadaye.

Vipimo vifuatavyo ni vya kasha lililofungwa pande zote, lenye ujazo wa ndani wa lita 12 (sentimita 20 kwa 30 kwa 20), kwa plaiwudi ya milimita 18:

Mbele na nyuma: vipande 2 vya sentimita 23.6 kwa 33.6
Kushoto na kulia: vipande 2 vya sentimita 20 kwa 33.6
Juu na chini: vipande 2 vya sentimita 20 kwa 20

Makasha mawili yanahitaji jumla ya vipande 12, vyenye eneo la takriban sentimita za mraba 7,460. Ubao kamili wa plaiwudi una sentimita 122 kwa 244. Robo yake ni sentimita za mraba 7,442. Mlaji aone jinsi ambavyo robo inakaribia kutosha lakini haitoshi, hata kabla ya kuhesabu unga unaoliwa na msumeno. Anunue nusu ya ubao, au vipande vya mabaki kwa seremala, na aombe vikatwe palepale kwa mashine ili pembe ziwe mraba. Mti usikatwe kwa kazi hii. Ndani ya hifadhi jambo hilo lina taratibu zake, na mbao mbichi hupinda na kufungua viungo.

Hatua za kazi ni hizi:

Kwanza, chora duara la spika kwenye ubao wa mbele kwa kufuata kipimo cha sehemu ya nyuma ya spika yenyewe. Usikadirie kwa macho. Duara lisiwe katikati kabisa ya ubao. Lipandishe juu kidogo, kwa kuwa umbali unaolingana pande zote hukuza baadhi ya sauti isivyo kawaida.

Pili, gundisha pande, juu, chini na nyuma kwa gundi ya mbao, kaza kwa skrubu, na acha zikauke usiku kucha.

Tatu, ziba kila kiungo kwa ndani kwa silikoni au gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Tundu la waya nalo lizibwe.

Nne, bandika ndani, ukutani pa nyuma na pembeni, vipande vya blanketi kuukuu au pamba kwa unene wa sentimita 3 hadi 5. Visiguse koni. Hivi humeza mwangwi wa ndani ya kasha.

Tano, unganisha waya kwa lehemu, funga ubao wa mbele, kisha spika kwa skrubu, ukiweka utepe wa sponji chini ya ukingo wake.

Jaribio la kuvuja: sukuma koni taratibu na uiachie. Ikirudi polepole kama inayozuiwa na mto, kasha limeziba. Ikirudi upesi, tafuta tundu.

Mwisho, funika uso wa spika kwa kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. Kipimo chake ni pumzi: weka kitambaa mdomoni, ukiweza kupuliza bila kizuizi, sauti nayo itapita. Shuka nzito hazifai.

6. Umeme: betri, waya na fyuzi

Amplifaya ya volti 12 iunganishwe moja kwa moja na mfumo wa betri kupitia kidhibiti chaji, bila inveta. Inveta hula umeme wake hata muziki ukiwa kimya, na nyingi za bei nafuu huingiza mvumo katika sauti.

Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 50 ina takriban wati-saa 600, lakini mlaji ajihesabie nusu tu, yaani 300. Betri inayokaushwa kila siku hufa mapema. Mita ikisoma volti 12.7 betri ikiwa imepumzika, imejaa, ikisoma 12.2, imefika nusu na muziki uzimwe, taa zibaki. Kila kaya ijiwekee amri hiyo kabla ya mtambo kuwashwa, maana wakati wa furaha hakuna anayetazama mita.

Fyuzi si hiari. Betri ndogo ya sola ina uwezo wa kuyeyusha waya na kuwasha moto kwa sekunde chache endapo chanya na hasi zitagusana. Fyuzi ya ampea 5 inatosha mtambo wa spika mbili wa wati 18 kila moja, na ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, tatizo litafutwe. Kuweka kipande cha waya badala yake ni kuitoa nyumba rehani.

Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi iwakayo kwa cheche. Katika nyumba ya jadi, enkaji, ambamo moto wa jikoni huwaka karibu na mahali pa kulala, betri isiwekwe ndani. Iwekwe kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, mahali pasipofikiwa na watoto wala mifugo.

Kwa waya kutoka betrini hadi kwenye amplifaya, tumia unene wa milimita za mraba 2.5, kutoka amplifaya hadi spika, 1.5 inatosha kwa mita tano. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Kwangua ncha kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ya kughushi hung'aa nyeupe. Waya huo hupitisha umeme vibaya na huvunjika upesi.

Chanya ya amplifaya iende kwenye chanya ya spika, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, mtambo utacheza, lakini sauti nzito zitapotea na mwimbaji hatasikika katikati. Wengi huirudisha spika dukani kwa kosa hili ambalo tiba yake ni kubadilisha nyaya mbili.

7. Chumba ni nusu ya mtambo

Mlaji anaweza kubadilisha spika mara tatu na sauti ikabaki mbaya, kwa sababu kasoro ipo chumbani. Simama katikati ya chumba na upige kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, kuta zinarudishiana sauti, na maneno ya msomaji wa habari yatachafuliwa vivyo hivyo.

Katika hili, enkaji ina heshima yake. Kuta zake za fito, udongo na samadi hazikunyooka, pembe zake zimeviringwa, na ndani mna ngozi na nguo. Sauti hutawanyika na kumezwa. Udogo wake ndio kikomo, pamoja na moshi na masizi, ambavyo ni adui wa koni na wa amplifaya. Nyumba ya kuta za saruji na paa la bati ina nafasi, lakini kila uso wake ni kioo cha sauti, na bati lenyewe huitikia besi kwa kutetemeka.

Tiba zake si za gharama:

Sakafu: tandika ngozi, mikeka au zulia kati ya spika na msikilizaji.

Kuta: tundika blanketi zito ukutani, likiacha nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake. Mahali pake hupatikana kwa kioo: mwenzako akitembeza kioo kidogo ukutani nawe umeketi pa kusikilizia, pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga. Kitambaa chembamba humeza sauti nyembamba tu. Unene ndio unaofanya kazi.

Dari: kaza skrubu na misumari ya bati iliyolegea. Nguo isitundikwe karibu na taa ya mafuta wala moto.

Mahali pa spika: ziwe mbali kwa mbali mita 1.8 hivi, na msikilizaji aketi umbali huohuo kutoka kwa kila moja, ili watatu hao wafanye pembetatu ya pande sawa. Koni ziwe kimo cha masikio ya aliyeketi. Kadiri spika inavyosogezwa ukutani, besi huongezeka. Konani huzidi kipimo na kuvuma. Anza na nusu mita kutoka ukutani, kisha sogeza kidogo kidogo.

Umbo la chumba nalo lina sauti yake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4 hukuza mitetemo ya takriban 43 kwa sekunde, na chenye upana wa mita 3 hukuza ya 57. Chumba cha mraba hukuza namba ileile mara mbili, na ndiyo sababu huvuma zaidi. Aliye na hiari ya vyumba viwili achague cha mstatili. Anayekusudia kujenga au kupanua chumba ndani ya hifadhi aulize kwanza ofisi ya kijiji na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Somo hili halimtaki mtu ajenge, humtaka apange alichonacho.

8. Masikio, boma na jirani

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipitishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20. Kwa 86 ni saa 10. Kwa 89 ni saa 5. Kwa watoto kiwango cha kuanzia ni 75. Spika yenye unyeti wa desibeli 88, kwa wati moja tu, tayari ipo katika viwango hivi kwa aliyeketi karibu. Kanuni isiyohitaji kifaa ni hii: ikiwa walioketi umbali wa mkono hawawezi kuelewana bila kupaza sauti, punguza. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayaponi.

Zaidi ya masikio ya ndani, yapo ya boma. Usiku mtu husikiliza: mbwa akibweka kwa namna isiyo ya kawaida, ng'ombe wakishtuka, fisi akikaribia zizi. Muziki unaozidi sauti hizo huondoa ulinzi ambao hakuna redio inayoweza kuurudisha. Mtambo mzuri hujulikana kwa jinsi unavyoeleweka ukiwa na sauti ya chini, na huo ndio mtihani wa mwisho wa kazi yote iliyoelezwa hapa.

9. Haki za mlaji

Kwa vifaa vilivyonunuliwa, mlaji azingatie yafuatayo:

Adai risiti ya mashine ya kielektroniki, na aombe muuzaji aandike namba ya toleo la kifaa na muda wa dhamana. Dhamana ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Amweleze muuzaji matumizi kabla ya kulipa, kwa mfano: "Nataka amplifaya ya betri ya volti 12, spika za omu 4." Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyeeleza matumizi yake na kumtegemea muuzaji kwa ujuzi wake ana msingi wa kudai kwamba bidhaa ifae kwa matumizi hayo.

Ahifadhi boksi. Maandishi ya uongo yaliyopo juu yake ndiyo ushahidi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji.

Aanze kwa muuzaji, kwa utulivu na kwa risiti mkononi. Asiposikilizwa, malalamiko ya upotoshaji na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Ya ubora na usalama wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kazi ya fundi nayo ni mkataba. Vipimo, aina ya mbao, bei na siku ya kukabidhi viandikwe kwenye karatasi na kutiwa saini na pande zote mbili. Malipo yagawanywe: sehemu kabla, na sehemu baada ya jaribio la kuvuja hewa kufanyika mbele ya mwenye mali.

Maswali ya kujipima

1. Amplifaya ya volti 12 imeunganishwa na spika ya omu 6. Kikomo cha wati zake ni kipi?
2. Spika moja ina unyeti wa desibeli 87, nyingine 90. Ya kwanza itahitaji wati mara ngapi ya ya pili ili zilingane kwa sauti?
3. Kwa nini mchanga mweusi wa Oldupai ni hatari zaidi kwa spika kuliko vumbi jingine?
4. Mtambo mpya unacheza lakini hauna besi, na mwimbaji hasikiki katikati. Kabla ya kurudi dukani, utakagua nini?
5. Taja mahali ambapo betri haipaswi kuwekwa, na sababu yake.

Majibu: (1) Wati 12. (2) Mara mbili. (3) Chembe zake huvutwa na sumaku na kung'ang'ania kwenye mwanya wa koili. (4) Kama chanya na hasi zimeungwa sawasawa pande zote mbili. (5) Karibu na moto wa jikoni, kwa kuwa inapochajiwa hutoa gesi inayowaka.